Ubora Ni Mmoja au Ni Mwingi? Swali la Mabingwa wa Magari katika Msimu Mmoja

Kila mwaka mashindano ya magari na pikipiki hutoa mabingwa wengi kwa wakati mmoja. Yuko bingwa wa saketi za lami, bingwa wa safari za barabara za udongo, washindi wa mbio za saa 24, bingwa wa pikipiki kwa kila ukubwa wa injini, bingwa wa motokrosi na bingwa wa autokrosi. Wote huendesha vyombo vya injini, wote hushindana katika msimu uleule, na kila mmoja huvishwa heshima ya kuwa bora. Lakini ni nadra sana mtu mmoja kutwaa mataji ya fani mbili zilizo tofauti kweli ndani ya mwaka mmoja. Uhaba huo unafufua swali la zamani kuliko gari lenyewe: je, ubora wa binadamu ni kitu kimoja kinachojitokeza kwa sura nyingi, au uko ubora mwingi, kila mmoja na uwanja wake, usioweza kuhamishwa? Swali hili ni la falsafa, na pia ni la dini. Anayesema ubora ni mmoja hudaiwa aeleze unatoka wapi, na anayesema ni mwingi hudaiwa aeleze kwa nini mshindi huyu asifiwe kuliko yule.

Mwaka 1965 unafaa kuchunguzwa kwa makini, maana una ushahidi wa pande zote mbili. Mskoti Jim Clark alitwaa taji la dunia la Formula One akiwa na timu ya Lotus, akishinda mbio sita kati ya kumi. Mwezi Mei aliacha kushiriki mbio za Monaco, akavuka bahari ya Atlantiki na kushinda Indianapolis 500 nchini Marekani, akiongoza mizunguko 190 kati ya 200. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa ameshinda mfululizo wa Tasman huko Australia na New Zealand, na kabla ya msimu kwisha alikuwa pia bingwa wa Formula Two nchini Uingereza na Ufaransa. Kwenye pikipiki, Mike Hailwood alichukua taji la 500cc, Jim Redman la 350cc na Phil Read la 250cc. Mbio za Le Mans zilikwenda kwa Jochen Rindt na Masten Gregory waliokuwa na Ferrari. Timo Mäkinen alishinda Monte Carlo Rally kwenye theluji akiendesha gari dogo la Mini. Na wakati wa Pasaka, kwenye tope la Afrika Mashariki, Joginder Singh Bhachu na nduguye Jaswant walishinda East African Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano ya awali.

Akitazama orodha hiyo kwa haraka, msomaji anaweza kudhani Clark amelimaliza suala: mtu mmoja, mataji mengi, msimu mmoja. Lakini mataji yote hayo yalikuwa ya lami na ya njia iliyofungwa. Mwaka uliofuata Clark aliingia RAC Rally ya Uingereza akiwa na Lotus Cortina. Alikuwa na kasi ya kutosha kuwatia wenyeji wa fani hiyo wasiwasi, lakini kwenye njia za msituni aligonga, na gari likashindwa kuendelea. Haikuwa aibu. Kwenye saketi dereva huupita mpindo uleule mara mia, mkono na jicho vikijifunza hadi kosa liondoke. Kwenye safari ya msituni kila mpindo huja mara moja tu, na kinachoujua ni karatasi iliyo magotini mwa mwelekezi. Hizo ni akili mbili tofauti, na moja haizai nyingine.

Safari yenyewe ilitoa ushahidi mkali zaidi. Ilianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na kwa karibu miaka 20 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeishinda, ingawa waliokuja walikuwa mabingwa wa kwao. Erik Carlsson wa Uswidi, aliyeshinda Monte Carlo mwaka 1962 na 1963, aliambulia nafasi ya pili mwaka 1964, na mwaka huo alikumbukwa kwa namna alivyoibingirisha Saab yake ili itoke matopeni. Rauno Aaltonen, bingwa wa Ulaya wa mwaka 1965, alirudi mara nyingi na hakushinda hata mara moja. Mgeni wa kwanza kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Ufini, mwaka 1972, kwa Ford Escort. Kabla yake washindi walikuwa wenyeji, watu kama Nick Nowicki, aliyeshinda na Paddy Cliff kwa Peugeot 404 mwaka 1963 na tena mwaka 1968. Katika kila moja ya miaka hiyo miwili yalianza magari zaidi ya 80, na yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu.

Wanafalsafa wa Ugiriki walilijadili jambo hili pasipo kuona injini. Katika mazungumzo ya Plato yanayoitwa Protagora, Sokrate anamsukuma mwenzake akubali kwamba ujasiri, haki, kiasi, uchaji na hekima havitengani, bali kwa undani ni kitu kimoja. Aristotle hakufika huko. Alichofanya ni kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani ufundi na tabia njema. Ufundi ni uwezo wa kufanya kazi fulani sawasawa, nao unajitegemea. Seremala hodari hana sababu ya kuwa pia baharia hodari. Tabia njema hazitengani hivyo, kwa sababu ujasiri usio na busara ni kujitosa tu, na kiasi kisicho na busara ni woga. Mwenye busara ya kweli, kwa mujibu wa Aristotle, atakuwa nazo zote. Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuchukua mgawanyo huo na kuufundisha katika Kanisa: fadhila za kimaadili zimefungamana kwa njia ya busara, ilhali fundi wa kazi moja haupati ufundi wa kazi nyingine kwa sababu tu ni hodari.

Mgawanyo huo ndio unaosaidia zaidi kuwaelewa mabingwa wa msimu mmoja. Taji hupima ufundi. Ufundi ni mwingi na hauhamishiki kwa urahisi, na ndiyo maana kila fani ina bingwa wake. Kinachoweza kuvuka kutoka fani moja hadi nyingine ni tabia: kujua mpaka wa gari na mpaka wa nafsi, kuvumilia, kuusikiliza udongo, kukubali kupoteza dakika leo ili gari lifike kesho. Hii ndiyo hoja ya makala haya, na mifano inayofuata inaipima.

Mfano wa kwanza uko karibu. Githongo ni mji wa Imenti ya Kati, kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Ni nchi ya majani chai, migomba na ng'ombe wa maziwa, yenye kiwanda chake cha chai. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huufanya udongo wake mwekundu uteleze kama sabuni. Madereva wa namna tatu hukutana huko kila siku. Wa kwanza ni wa lori la majani mabichi. Hukusanya magunia kwenye vituo vya kununulia chai na lazima afike kiwandani mapema, maana majani yaliyobanana hupata joto na kuharibika. Mzigo wake huyumba kila mpindo, naye huteremka kwa gia nzito bila kulala kwenye breki. Wa pili ni mwenye boda boda. Msimu wa tope wengine hufunga mnyororo kwenye gurudumu la nyuma, na uhodari wao ni wa kiuno na magoti: kuinama kabla pikipiki haijaamua kuanguka. Wa tatu ni wa matatu, ambaye akishafika lami hushindana na saa, foleni na matatu nyingine. Mwenye boda boda akipewa lori hilo leo, huenda akalitia mtaroni kabla ya jioni, na dereva wa lori akipanda boda boda yenye abiria wawili, atakuwa hatari kwa wote watatu. Kila mmoja ni bingwa wa kwake.

Hata hivyo, mama mjamzito anapohitaji kufikishwa hospitalini usiku wa mvua, jamaa zake hawaulizi nani ana kasi kuliko wote. Hutajwa jina la mtu fulani, na mtu huyo huweza kuwa wa lori, wa boda boda au wa teksi. Anatajwa kwa sababu hajawahi kumwangusha mtu, hanywi akiwa kazini, na akiuona mto umefurika hurudi nyuma bila kuona haya. Watu wanaomchagua hivyo wametenganisha ufundi na busara kwa usahihi uleule wa Aristotle, na wanajua ni kipi kati ya viwili hivyo mtu anaweza kukikabidhi roho ya mwenzake.

Mfano wa pili unaelekea kuipinga hoja. Mwingereza Vic Elford alishinda Monte Carlo mnamo Januari 1968 kwa Porsche 911, na mapema Februari akawa miongoni mwa madereva walioshinda saa 24 za Daytona nchini Marekani kwa Porsche 907. Mwaka huohuo alishinda Targa Florio kisiwani Sicilia, na kilomita 1,000 za Nürburgring akiwa na Jo Siffert. Theluji, saketi ya usiku kucha, barabara za milimani, vyote ndani ya miezi michache. Kabla yake, mwaka 1960, John Surtees alikuwa bingwa wa dunia wa pikipiki za 350cc na 500cc, na msimu huohuo akaanza kuendesha magari ya Formula One na kumaliza wa pili katika mbio za Uingereza. Mwaka 1964 alitwaa taji la magari, na hadi leo ndiye mtu pekee aliyekuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na wa Formula One pia.

Je, watu hao hawathibitishi kwamba ubora ni mmoja? Jibu la haki ni kwamba wanathibitisha kitu kidogo zaidi, lakini chenye uzito. Targa Florio ilipita vijijini kwenye barabara za kawaida, na Nürburgring ya wakati huo ilikuwa na mipindo mingi kiasi kwamba aliyezoea njia asizozijua alikuwa na faida. Fani za Elford zilikuwa majirani. Kuhusu Surtees, ufundi wa pikipiki haukumhamia mikononi kama urithi. Alianza upya, akajifunza gari. Alichoingia nacho ni uwezo wa kujifunza na usikivu kwa chombo, na hiyo ni tabia. Kwa hiyo hata waliovuka mipaka walivuka kwa kile ambacho taji haliwezi kukiandika.

Joginder Singh ni mfano bora kuliko wote wawili, ingawa hakuwahi kuwa bingwa wa fani mbili. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakua kama fundi, na aliposhinda tena Safari mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, akawa mtu wa kwanza kuishinda mara tatu. Idadi inayofaa kutafakariwa, hata hivyo, si hiyo ya ushindi. Kati ya Safari 22 alizoanza, alizimaliza 19, katika mashindano yaliyokuwa yakila magari karibu yote. Mtu anayefika mara 19 hawi na bahati tu. Alikuwa akilisikiliza gari kwa masikio ya fundi, na alijua wakati wa kuliacha lipumue. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuhamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, alikuwa wa tabia hiyohiyo. Alishinda Safari mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na mwaka 1981 alikuwa pia bingwa wa kwanza wa mashindano mapya ya Afrika.

Ushindi wa kwanza wa Mehta unaonyesha jambo jingine, yaani jinsi taji linavyotegemea kanuni iliyochaguliwa. Mwaka 1973 yeye na Harry Källström wa Uswidi, wote wakiwa na Datsun, walimaliza wakiwa na alama za adhabu zilizolingana kabisa. Kanuni ikatazama ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza, na kwa kigezo hicho Mehta akawa bingwa. Kama waandishi wa kanuni wangechagua kigezo kingine, jina kwenye kombe lingeweza kubadilika bila dereva yeyote kufanya tofauti hata ya sekunde. Huo si udhaifu wa mchezo. Unaonyesha tu kwamba kila fani huchagua kitu kimoja katika uwezo wa mtu, hukipima, na kuliacha lililobaki bila kupimwa.

Kenya ina mashindano yanayoufanya ukweli huo uonekane wazi. Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989, hayampi ushindi mwenye kasi. Gari hutakiwa kupita kwenye vituo 13 ndani ya saa 10, katika nyika isiyo na barabara, na mshindi ni yule aliyetumia umbali mfupi kuliko wote. Dereva wa kasi asiye na subira huzunguka kilima na kupoteza. Mwenye subira huteremka korongo moja kwa moja, watu wa timu wakitangulia kwa miguu kutafuta mahali pa kuweka gurudumu. Anayejiuliza nani ni bora kati ya bingwa wa Safari na bingwa wa Rhino Charge wa mwaka uleule anafanana na anayelinganisha uzito na urefu.

Hapo dini zinaingia, maana zinauliza swali ambalo kanuni za mchezo haziliulizi: aliyeshinda ana haki gani ya kujivuna? Meru ni nchi ya makanisa. Wamethodisti walifika Kaaga mwaka 1912, Wakatoliki wa Consolata waliwatangulia kidogo, na Wapresbiteri wakajenga Chogoria. Safari nayo kwa miaka mingi ilifanyika wakati wa Pasaka, kwa kuwa ni likizo na ni majira ya masika. Njia yake ya kaskazini iliuzunguka Mlima Kenya kupitia Nanyuki, Meru na Embu, na waumini waliotoka ibadani walisimama kando ya barabara wakingojea magari. Sikukuu inayomtangaza aliyeshindwa mbele ya watu na kushinda mbele ya Mungu iliangukia siku zilezile za kumshangilia aliyetangulia. Hakuna kilichowazuia watu kuyapenda yote mawili, lakini si vizuri kuyachanganya.

John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alifundisha kwamba mwamini anaweza kufikia ukamilifu hapa duniani, na fundisho hilo lilimletea maadui wengi. Aliwajibu kwa kubainisha kwamba ukamilifu huo si wa maarifa wala wa kutokosea. Mtu aliyekamilika kwa maana yake bado atasahau, atakosea hesabu na kupotea njia. Kilichokamilika ni upendo wake. Fundisho hilo liko kinyume kabisa na kanuni za taji. Kwenye mashindano kosa la sekunde moja humnyima mtu kila kitu hata kama nia yake ni safi. Kwenye fundisho la Wesley mtu mwenye makosa elfu ya mikono hakosi chochote kilicho cha msingi. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alitumia mfano wa mbio ambamo mmoja tu hupata tuzo, lakini akauelekeza kwenye nidhamu ya mwili, jambo ambalo kila mkimbiaji anaweza kuwa nalo. Na kitabu cha Mhubiri, katika sura ya 9, kinakataa kabisa kuuona mwendo wa kasi kama dhamana ya ushindi, kwa sababu wakati na ajali humkuta kila mtu. Madereva wa Safari walilijua hilo bila kuhubiriwa: mto uliojaa dakika kumi baada ya gari la kwanza kuvuka uliamua mambo mengi.

Uislamu umelitazama jambo hili kwa sheria na kwa adabu. Wanazuoni waliruhusu dau katika mbio za farasi na ngamia na katika kulenga mishale, kwa kuwa yalikuwa mazoezi ya ulinzi, wakakataza kamari, na wakajadiliana sana ni michezo gani mingine inaweza kufuata hukumu hiyo. Fundisho la adabu limo katika hadithi ya ngamia wa Mtume aliyeitwa al-Adbaa, ambaye hakuwahi kushindwa. Siku moja bedui alikuja na ngamia mchanga akamshinda, na masahaba wakaumia moyoni. Mtume aliwaeleza kwamba ni desturi ya Mwenyezi Mungu kukishusha kila kinachoinuka duniani. Kisa hiki kinaifaa zaidi hali ya msimu wa mashindano kuliko mahubiri mengi kuhusu unyenyekevu, kwa sababu hakimlaumu ngamia wala hakidai kwamba ushindi wake wa nyuma ulikuwa wa uongo. Ulikuwa wa kweli, na muda wake ukaisha.

Kwa Masingasinga, walioyatolea mashindano ya Kenya madereva wengi sana, ugonjwa mkuu wa nafsi ni ule umimi unaomfanya mtu ajione chanzo cha kazi yake. Dawa yake ni kazi ya halali, kulikumbuka jina la Mungu na kuwatumikia wengine. Kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, ambayo magari ya Safari yaliipita miaka na miaka, liko gurdwara la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 na Masingasinga wa reli. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, hula hapo bure. Dereva wa lori na tajiri mwenye gari la fahari huketi na kupewa chapati na dengu zilezile, na hakuna anayeulizwa amefika wa ngapi.

Ameru wenyewe walikuwa na njia yao ya kuzuia heshima isigande kwa mtu mmoja. Rika zao ziligawanyika katika pande mbili, Kiruka na Ntiba, na uongozi wa nchi ulipokezwa kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa sherehe ya ntuiko. Waliotawala hawakushindwa vitani. Zamu yao iliisha, na kuikabidhi kulikuwa sehemu ya heshima yao. Taji la msimu likitazamwa kwa jicho hilo linaeleweka vizuri kuliko linapotazamwa kama hukumu ya milele juu ya nani ni bora. Bingwa ni mwenye zamu.

Liko pia jambo la Mugwe, mwenye baraka wa jadi. Bernardo Bernardi, padre wa Consolata aliyekuwa mwanaanthropolojia, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1959 kwamba kwa Waimenti mkono wa kushoto wa Mugwe ulikuwa mtakatifu na ulifichwa daima. Nguvu yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba kuuinua tu kulitosha kuwazuia maadui. Jamii iliyoiweka nguvu yake kuu kwenye mkono uliofichwa ilikuwa na fikra pevu kuhusu uwezo na kiasi. Inafaa wanafunzi wa maadili nchini Kenya waisome fikra hiyo bega kwa bega na Aristotle.

Swali la nani mwenye ushindi haliishii kwa dereva. Mwelekezi husoma njia. Mafundi hubadilisha shokabsoba usiku chini ya taa ya betri. Na katika Safari ya zamani wanakijiji waliingia matopeni hadi magotini kusukuma magari ya watu wasiowajua, kisha wakarudi shambani bila jina lao kuandikwa popote. Orodha ya washindi haina safu ya wasukumaji. Kama ufundi wa bingwa ni wake, kufika kwake si kwake peke yake, na sifa ya kweli ingebidi igawanywe kwa watu wengi mno kuliko kombe linavyoweza kubeba.

Limebaki suala la hatari. Mwaka 1955 gari liliruka na kuangukia watazamaji wa Le Mans, wakafa watu zaidi ya 80, na Uswisi ikapiga marufuku mbio za saketi. Mwaka 1957 ajali ya Mille Miglia nchini Italia iliua dereva, mwelekezi wake na watazamaji tisa, watano wao wakiwa watoto, na mbio hizo zikakomeshwa. Jim Clark mwenyewe alikufa Hockenheim tarehe 7 Aprili 1968, katika mbio za Formula Two ambazo hazikuhitajika kumwongezea jina. Dini zote zilizotajwa hapa zinauona uhai kuwa amana, na mtu hana ruhusa ya kucheza kamari na amana. Zinaruhusu hatari ya mwokozi, ya mzazi, ya anayekwenda kazini. Je, hatari ya bingwa ni ya aina hiyo? Jibu linategemea kile kinachotafutwa, na ni nani anayelipa gharama. Dereva mzima wa akili anayejitosa kwenye njia iliyofungwa, akiwa amevaa kofia na mikanda, anabeba hatari yake mwenyewe. Anayeiga ubingwa huo kwenye lami ya Nkubu, huko Meru, akiwa na abiria 14 nyuma yake ametumia amana ya wengine, na hakuna ufundi unaomhalalishia.

Kaburi la Clark liko Chirnside, Uskoti, karibu na shamba alilolirudia kila msimu ulipokwisha, na kwenye jiwe lake ukulima umetangulizwa kabla ya ubingwa wa dunia. Rhino Charge imelifanya jambo linalokaribiana na hilo kuwa kanuni. Kila timu hutakiwa kuchangisha fedha kabla ya kuruhusiwa kuanza, na waliochangisha nyingi kuliko wengine hupewa heshima yao kando ya walioshinda kwa umbali. Fedha hizo, kupitia shirika la Rhino Ark, zilijenga uzio wa umeme wa kilomita 400 hivi kuzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika mwaka 2009, na tangu mwaka 2012 zimekuwa zikijenga mwingine kuuzunguka msitu wa Mlima Kenya, ule unaolisha mito ya Imenti na ambao tembo wake wamekuwa wakishuka kwenye mashamba ya mahindi na ndizi.